Kabla hujapanda kilima cha kisiwani: mambo ya kuzingatia

Watu wakisikia ninazunguka kutafuta kilele kirefu kuliko vyote katika kila mkoa na kila kisiwa, swali la kwanza ni Kilimanjaro, la pili Hanang. Vilima vya ziwani havina mwulizaji. Hata mimi nilividharau. Chukua kisiwa cha Rubondo: kilele chake ni kilima cha Msasa, mita 1,486 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Victoria lenyewe limelala kwenye mita 1,134 hivi. Piga hesabu. Unapanda mita 350 tu. Mkazi wa Mabatini, Mwanza, anayepandisha ndoo ya maji hadi nyumbani kwake juu ya miamba hawezi kutishwa na hilo. Tatizo ni maji yanayokizunguka kilima, kwa hiyo nitaanzia majini.

Usipande chombo kilichojaa. MV Nyerere ilipozama Septemba 20, 2018, ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, ilikuwa siku ya gulio la Bugolora, na kivuko cha watu 101 kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili yake. Gati lilikuwa linaonekana. Siku ya gulio subiri, au ahirisha safari.

Laifu jaketi livae na ufunge kamba zake. Kulikalia kama mto si kulivaa.

Ondoka asubuhi, lakini si kabla hujaona wavuvi wanafanya nini. Radi na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri: nchi kavu ikishapoa, upepo wa pande zote hushukia ziwani, hukutana katikati na kuyanyanyua mawingu. Ukikuta mitumbwi imevutwa juu mchangani na wenyewe wanakunywa chai, agiza na wewe chai.

Ruhusa. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, huingii kwa ujanja. Pitia Nkome au Kasenda, lipa TANAPA, wenye hifadhi za taifa, na usipande bila askari kwa sababu mle kuna tembo. Visiwa vya vijiji, anza kwa mwenyekiti. Baadhi ya vilele ni mahali pa matambiko, na mgeni anayeonekana kule juu na simu mkononi bila kuaga anaweza kuteremka na kukuta kikao kinamsubiri.

Sasa mzigo. Hapa nitakaa kidogo.

Tulikuwa watu wanne, tumekodi boti ya injini kwenda kisiwa kimoja nisichotaka kukitaja, maana wenyeji wake hawakunikosea. Mmoja wetu alikuwa mjomba wangu, mzee wa zaidi ya miaka 60, ana kisukari lakini miguu yake inanishinda mimi. Tulifika saa nne asubuhi. Nahodha akaangalia begi langu, akaangalia kilima, akacheka: "Acha mizigo humu, bosi. Kilima chenyewe si hiki hapa? Mtaenda na kurudi mimi nipo." Nikaliacha. Ndani yake kulikuwa na chapati, soda, masweta, tochi na kipochi cha dawa za mjomba. Hela nilikuwa nimemlipa yote, kwenda na kurudi, tangu Mwanza, kwa kuwa aliniambia ni ya mafuta.

Juu tulifika saa saba. Kilele kilikuwa jiwe moja kubwa lenye kinyesi cha pimbi, na ukisimama pale unakiona kisiwa chote, mwalo wote wanakoshukia wavuvi, na dagaa walioanikwa mchangani kama shuka la fedha. Uzuri wa kilele ndio huo, unaona kila kitu. Nikaona pia boti yetu ikigeuka taratibu, ikachora mstari mweupe majini na kuondoka.

Nilimpigia. Kileleni mtandao ulikuwepo, bahati yetu. "Nampeleka mtu hapo jirani tu, nusu saa." Alirudi kesho yake saa tatu asubuhi.

Tukiwa katikati ya kushuka mjomba akaanza kukaa kaa kwenye mawe. Nikadhani amechoka. Jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, nikamwuliza jambo akanijibu jambo lingine kabisa. Asubuhi alikuwa amekunywa vidonge vyake kama kawaida, na chakula cha mchana kilikuwa kinaelea ziwani. Sukari ilikuwa imeshuka. Tulimkokota hadi kambi ya wavuvi, mama mmoja wa mgahawa akamkorogea chai yenye sukari nyingi. Dakika kumi na tano baadaye mjomba alinitazama, akasema: "Mjomba, wewe una mwalimu wa kukufundisha kupanda. Tafuta na wa kukufundisha kubeba." Usiku tulilala juu ya nyavu, mvua ikipiga bati.

Kwa hiyo: begi haliachwi botini, hata kilima kiwe kichuguu. Maji, chakula, tochi, sweta na dawa za siku mbili, panda navyo. Nahodha mlipe nusu, nusu nyingine aione mkikanyaga mwalo wa nyumbani. Kama anataka hela ya mafuta, nendeni wote kituoni, yajazwe ukiona, ya kwenda na ya kurudi. Na namba ya mtu wa pili mwenye boti pale kisiwani iwe kwenye simu kabla hujaanza kupanda.

Urefu wa kwenye simu usiuamini upesi. Ipimie kwanza ukingoni mwa maji. Ikikupa namba iliyo mbali na 1,134, tofauti hiyo ibebe hadi juu, uisahihishie namba ya kilele. Ziwa nalo hupanda na kushuka, mwaka 2020 na tena 2024 lilimeza mialo mingi, kwa hiyo mahali aliposhukia rafiki yako zamani pengine pako chini ya maji.

Miamba ikilowa usiikanyage palipoota ukoga. Mikono usiiingize kwenye nyufa usizoziona, nyoka nao wanatafuta kivuli.

Maji ya pembeni yenye majani yana kichocho. Ukilazimika kushukia humo, nenda kapimwe wiki kadhaa baadaye hata kama hujisikii kuumwa. Boti usiisubirie kwenye matete, hasa jioni, viboko hutokea hapo na mamba hawapigi hodi. Maji ya kunywa chemsha. Chandarua beba. Chaji beba. Hela ndogo ndogo beba, kisiwani chenji ni shida, na yule mama wa chai nilimpa elfu kumi akakosa chenji, akanifungia dagaa.