Faharasa za Firestore zikae kwenye faili, si kwenye konsoli

Firestore ni hifadhidata ya Google, sehemu ya Firebase. Faharasa (index) ni orodha iliyopangwa tayari ambayo Firestore huitumia kujibu ulizo (query), na konsoli ni tovuti ya kusimamia mradi. Chukua programu ya kuandikisha mapokezi ya samaki katika mialo ya Kigoma: Kibirizi, Katonga, Ujiji. Kila mzigo unaoshuka mtumbwini ni hati moja kwenye mkusanyiko wa `mapokezi`, na hati ina nyuga `mwalo`, `samaki`, `mnunuzi`, `kilo`, `tarehe` na `maelezo`. Karani anataka dagaa wa Kibirizi, wa karibuni wakiwa juu. Ulizo lake ni hili:

```
query(collection(db, "mapokezi"),
  where("mwalo", "==", "Kibirizi"),
  where("samaki", "==", "dagaa"),
  orderBy("tarehe", "desc"))
```

Kwenye emuleta, yaani Firestore ya majaribio inayoendeshwa kwenye kompyuta yako, linajibu vizuri. Likifika kwenye hifadhidata halisi linarudisha kosa la `failed-precondition` na kiungo kirefu cha kutengeneza faharasa inayokosekana. Emuleta haifuatilii faharasa mchanganyiko (composite, yaani zenye uga zaidi ya mmoja), inakubali ulizo lolote lililoandikwa sawasawa. Kwa hiyo majaribio yote yanaweza kupita na programu bado ikagoma mbele ya karani.

Wengi hubonyeza kile kiungo, wakasubiri dakika chache, wakaendelea na mengine. Faharasa inapatikana, lakini ipo kwenye konsoli tu. Mradi wa majaribio hauna, mwenzako hajui kama ipo, na siku mtu akipeleka faili la zamani kwa amri yenye `--force`, isiyouliza kwanza, inafutwa. Kiungo kitumie kusoma ni nyuga zipi zinazodaiwa na kwa mpangilio gani, kisha uandike mwenyewe kwenye faili.

Kama mradi tayari una faharasa zilizotengenezwa kwa kubonyeza, anza kwa kuzishusha:

```
npm install -g firebase-tools
firebase login
firebase init firestore
firebase firestore:indexes > firestore.indexes.json
```

Anayetumia Windows aendeshe mstari wa mwisho kwenye cmd. PowerShell ya zamani, 5.1, huandika faili kwa UTF-16 unapotumia alama ya `>`, na JSON hiyo itakataliwa baadaye ingawa kwa macho haina kasoro. Likishashuka salama, liweke kwenye Git pamoja na msimbo mwingine.

Sasa lihariri:

```
{
  "indexes": [
    { "collectionGroup": "mapokezi",
      "queryScope": "COLLECTION",
      "fields": [
        { "fieldPath": "mwalo", "order": "ASCENDING" },
        { "fieldPath": "tarehe", "order": "DESCENDING" } ] },
    { "collectionGroup": "mapokezi",
      "queryScope": "COLLECTION",
      "fields": [
        { "fieldPath": "samaki", "order": "ASCENDING" },
        { "fieldPath": "tarehe", "order": "DESCENDING" } ] }
  ],
  "fieldOverrides": [
    { "collectionGroup": "mapokezi",
      "fieldPath": "maelezo",
      "indexes": [] }
  ]
}
```

Utauliza mbona ni mbili, na hakuna hata moja yenye `mwalo`, `samaki` na `tarehe` kwa pamoja. Firestore inaweza kuunganisha faharasa kadhaa kujibu ulizo moja, ilimradi vichujio vyote ni vya `==` na faharasa zote zinaishia na mpangilio uleule. Ukiongeza ya tatu, ya `mnunuzi` na `tarehe`, karani anaweza kuchuja kwa mwalo, samaki na mnunuzi kwa namna zote saba zinazowezekana. Bila kujua hili, utaandika faharasa kwa kila mchanganyiko na faili litavimba bure.

Muungano huo una bei yake. Kama mizigo ya Kibirizi ni mingi na ya dagaa ni mingi, lakini inayokutana kwenye vichujio vyote ni michache, utafutaji unapitia mengi ili kupata machache, na unachelewa. Hapo ndipo faharasa kamili ya nyuga tatu inastahili kuandikwa: za `==` zitangulie, ya kupanga ije mwisho. Mwelekeo nao unahesabika. Ukibadilisha `desc` kuwa `asc` kwenye ulizo, unahitaji faharasa nyingine.

Kipengele cha `fieldOverrides` kinazima faharasa za uga mmoja. Katika toleo la Standard, Firestore hutengeneza yenyewe faharasa ya kupanda na ya kushuka kwa kila uga wa kawaida, na nafasi inayochukuliwa unailipia. Hakuna atakayetafuta mzigo kwa `maelezo`, kwa hiyo zima. Uga wa `tarehe` unasemwa sana pia, kwa sababu mkusanyiko wenye uga wa faharasa unaopanda mfululizo, kama saa ya kuandikwa, una kikomo cha hati 500 kwa sekunde. Usijisumbue. Hata alfajiri baada ya usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa ikirudi yote kwa mpigo, hakuna mwalo utakaofikia kasi hiyo.

Kupeleka:

```
firebase deploy --only firestore:indexes
```

Kama kwenye mradi kuna faharasa ambazo faili halina, amri itakuuliza kama uzifute. Jibu hapana mpaka ujue nani anazitumia. Kazi ya kujenga hufanyika kwenye seva za Google, kwa hiyo umeme ukikatika baada ya amri kukamilika hakuna kinachoharibika. Ukikatika katikati, rudia amri ileile. Zilizokwisha kupokelewa hazitatengenezwa mara mbili.

Kukamilika kwa amri hakumaanishi faharasa iko tayari. Hata mkusanyiko mtupu huchukua dakika kadhaa, na wenye hati nyingi huchukua zaidi. Angalia hali kwa `gcloud`, zana ya amri ya Google Cloud:

```
gcloud firestore indexes composite list
```

Subiri `CREATING` igeuke `READY`, ndipo upeleke toleo jipya la programu. Ukitanguliza programu, makarani wataona kosa lilelile la mwanzo muda wote wa ujenzi.

Kuna shida moja isiyotoa kosa lolote, na ndiyo inayosumbua kuliko zote. Hati isiyo na uga wa `tarehe` haiingii kwenye faharasa yenye `tarehe`, kwa hiyo haitaonekana kwenye orodha. Karani ataapa kwamba aliandika mzigo, na ni kweli, upo, ila ulizo halina pa kuupatia. Ndugu yake ni tarehe iliyohifadhiwa kama maandishi, mfano `"07/03/2025"`. Firestore hupanga kwanza kwa aina ya data: namba, kisha saa, kisha maandishi. Ukishusha kwa `desc`, tarehe za maandishi zinakaa juu ya zote, na zenyewe kwa zenyewe zinapangwa kwa siku kabla ya mwezi, tarehe 31 Januari juu ya tarehe 7 Machi. Andika `tarehe` kama `Timestamp` tangu mwanzo. Kama zimeshachanganyika, pitia hati moja moja kwa skripti na uzibadilishe. Hakuna faharasa itakayokuponya.

Wakati wa kuondoa, mpangilio unageuka: kwanza peleka programu isiyotumia faharasa hiyo, subiri simu za mialo zipate toleo jipya, kisha uifute kwenye faili na upeleke tena. Simu ambayo haijaona intaneti kwa wiki nzima bado ina msimbo wa zamani.