Somo: Kuhamisha daftari la fedha za nyumbani kwenda kompyuta mpya bila kupoteza hata senti

Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi waliokuwa nayo wamehamia kompyuta mpya au wako mbioni kuhama. Programu yenyewe ya hesabu haina shida, unaipakua upya kwa dakika chache. Cha kuchunga ni daftari, yaani faili lenye miamala yako ya miaka yote.

Mfano wetu ni GnuCash, kwa kuwa ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Mwenye KMyMoney (faili la .kmy), HomeBank (.xhb) au Quicken ya Windows (.QDF) afuate mpangilio huu huu, ila menyu zake zitakuwa na majina mengine. Tenga jioni moja usiyo na haraka, na siku hiyo usiingize muamala wowote mpya mpaka umalize.

Hatua ya 1: Chukua hesabu za kabla

Watu huiruka hatua hii, na ndiyo pekee itakayokuthibitishia baadaye kwamba kila kitu kimefika. Kwenye kompyuta ya zamani, nenda menyu ya Actions, uendeshe "Check & Repair" kwa akaunti zote, kisha uhifadhi. Fungua ripoti ya Trial Balance, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote. Ingia kwenye chaguo za ripoti uweke tarehe maalumu, kwa mfano siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Usiiache tarehe inayojisogeza yenyewe, kwa sababu ukifungua ripoti ile ile kesho kwenye mashine mpya, miamala ya ratiba iliyoingia usiku itabadilisha masalio na utahangaika kutafuta kosa lisilokuwepo. Hifadhi ripoti kama PDF au uichapishe.

Hatua ya 2: Hakikisha unalijua faili lenyewe

Fungua folda ya daftari na utaona kitu kama hiki:

daftari.gnucash
daftari.gnucash.20250114183012.gnucash
daftari.gnucash.20250114183012.log

La kwanza ndilo daftari. La pili ni nakala ya akiba ambayo programu hujitengenezea kila unapohifadhi. Tarakimu zile ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. La tatu ni kumbukumbu ya mabadiliko. Kosa linalojirudia ni mtu kubofya lile la pili kwenye kompyuta mpya, kuona hesabu zinafanana, na kuendelea kuandika humo. Mwezi mmoja baadaye ana madaftari mawili, kila moja lina nusu ya ukweli. Kabla ya kunakili, fungua programu na usome jina la faili lililo juu kabisa ya dirisha.

Angalia pia mahali lilipo. Kwenye Windows, folda ya Documents huenda imeshahamishiwa ndani ya OneDrive (hifadhi ya wingu ya Microsoft), na faili lenye alama ya wingu pembeni bado halijashushwa kwenye diski yako. Lishushe kwanza.

Hatua ya 3: Nakili vitu vitatu

Funga programu kabisa. Ikiwa wazi, huacha faili dogo la .LCK ambalo ni kufuli, na hutaki kulisafirisha. Kisha nakili:

Kwanza, faili la daftari pamoja na nakala zake za akiba za karibuni. Pili, folda ya risiti, kama umeambatisha picha au PDF kwenye miamala. Tatu, folda ya mipangilio, ambayo wengi huisahau. Kwenye Windows andika %APPDATA%\GnuCash katika kidirisha cha anwani. Kwenye Mac iko ndani ya Library/Application Support/Gnucash, na kwenye Linux ni ~/.local/share/gnucash. Usipoiona, fungua Help, kisha About, usome mstari wa GNC_USERDATA_DIR. Humo ndimo zinamokaa ripoti ulizotengeneza na kuhifadhi mwenyewe. Hazimo ndani ya daftari.

Weka nakala kwenye vyombo viwili tofauti, tuseme flashi na diski ya nje. Flashi itoe kwa utaratibu wa kompyuta, usiichomoe tu. Ikichomolewa wakati data bado inaandikwa, faili hufika nusu. Kupima kama limefika zima, endesha amri hii kwenye dirisha la amri (Command Prompt) la Windows, kwanza kwa faili la asili kisha kwa nakala:

certutil -hashfile daftari.gnucash SHA256

Kwenye Mac ni shasum -a 256, na kwenye Linux ni sha256sum. Mistari miwili mirefu ya herufi na tarakimu ikilingana yote, nakala ni sahihi. Ikitofautiana hata herufi moja, nakili upya.

Hatua ya 4: Sakinisha na ufungue

Weka toleo lile lile ulilokuwa nalo au jipya zaidi, kamwe si la zamani zaidi. Toleo jipya husoma daftari la zamani bila taabu, lakini la zamani linaweza kukataa faili lililohifadhiwa na jipya.

Rudisha folda ya mipangilio mahali pake kabla ya kuwasha programu mara ya kwanza. Daftari lenyewe lihamishie kwenye diski ya kompyuta, usilifungue kutoka kwenye flashi. Ukiwasha, programu inaweza kukuletea msaidizi wa kutengeneza akaunti mpya. Usishtuke wala usimfuate. Bofya Cancel, kisha File, Open, ulichague daftari lako.

Hatua ya 5: Linganisha

Fungua Trial Balance kwa tarehe ile ile ya hatua ya 1. Pitia akaunti moja moja, hadi senti. Kama umenakili faili zima, tofauti yoyote maana yake ni moja: umefungua faili ambalo silo. Rudi hatua ya 2.

Kama umebadilisha programu na kuandika masalio ya mwanzo kwa mkono, tofauti yenyewe hukuonyesha pa kutazama. Tuseme benki ilikuwa 48,215.60 na sasa unasoma 48,125.60. Tofauti ni 90, nayo inagawanyika kwa 9. Hiyo ni dalili ya tarakimu mbili zilizopishana nafasi, hapa 21 imekuwa 12. Tofauti ikigawanyika kwa 2, tafuta muamala wa nusu ya kiasi hicho ulioingia upande usio wake, matumizi yakahesabiwa mapato.

Hatua ya 6: Mashine ya zamani

Badilisha jina la daftari la kule liwe ZAMANI-usiandike.gnucash na uliwekee alama ya kusoma tu. Lihifadhi mpaka umalize kusuluhisha (kulinganisha na daftari) taarifa nzima ya benki ya mwezi mmoja kwenye mashine mpya. Baada ya hapo ndipo ufute kompyuta, na usiishie kulitupa faili kwenye pipa la taka. Tumia chaguo la kurudisha mfumo upya pamoja na kusafisha diski.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, daftari limefunguka vizuri na masalio ni sawa, ila ripoti zangu zote nilizozitengeneza hazipo. Nizitengeneze upya?

Usitengeneze. Faili la saved-reports-2.8 lilibaki kwenye folda ya mipangilio ya mashine ya zamani. Funga programu, linakili, liweke kwenye folda hiyo hiyo ya mashine mpya, uwashe tena. Hilo 2.8 lisikutatize, jina halikubadilika hata matoleo yalipopanda.

Nikibofya muamala nifungue risiti, naambiwa faili halipo. Folda ya risiti nimeileta.

Njia, yaani anwani ya faili kwenye diski, imebadilika. Zamani ilikuwa C:\Users\ pamoja na jina lako la zamani, sasa jina la mtumiaji ni jingine. Nenda kwenye mapendeleo ya programu, tafuta njia kuu ya viambatisho, uielekeze kwenye folda mpya. Hii inasaidia viungo vilivyohifadhiwa kwa kuanzia njia kuu hiyo. Vile vilivyoandikwa kwa njia kamili itabidi uvirekebishe kimoja kimoja.

Ndugu, naomba msaada. Nilipakua miamala ya benki kwenye kompyuta mpya na mingi imeingia mara mbili.

Ulipakua OFX au CSV, zile aina mbili za faili la miamala ya benki? Kila muamala wa OFX una namba yake ya utambulisho iitwayo FITID, na programu huikumbuka ili isiuingize tena. CSV haina namba hiyo, kwa hiyo programu hukisia kwa tarehe na kiasi. Ukiwa ulitumia CSV zamani kisha ukachukua OFX sasa, ile ya zamani haina FITID ya kulinganishwa. Usifute mmoja mmoja. Rudi kwenye nakala ya kabla ya kuingiza, kisha uingize kuanzia siku inayofuata muamala wako wa mwisho.

Nina faili la .mny la Microsoft Money. Nalihamishaje?

Microsoft iliacha kuuza Money mwaka 2009, kisha ikatoa toleo la bure la Money Plus Sunset lisilohitaji kusajiliwa. Fungua faili kwa toleo hilo na utoe QIF (aina ya faili la kuhamishia miamala kati ya programu), akaunti moja kwa wakati. Unapoziingiza GnuCash, pakia mafaili yote ya QIF kwenye kikao kimoja kabla ya kubofya kumaliza. Uhamisho kutoka benki kwenda akiba umo kwenye mafaili yote mawili, na msaidizi huuunganisha akiyaona kwa pamoja. Ukiyaleta kwa siku tofauti, ni rahisi uhesabiwe mara mbili. Angalia pia mpangilio wa tarehe: 03/04 inaweza kusomwa Machi au Aprili, na QIF haisemi ni ipi.

Naweza kuliweka daftari kwenye folda ya wingu, mimi na mwenzangu tuandike kila mtu kwenye kompyuta yake?

Kwa zamu, ndiyo. Kwa wakati mmoja, hapana. Kufuli ya .LCK huchelewa kufika upande wa pili, nyote mnafungua, na huduma inatengeneza nakala mbili zinazopingana. Funga, subiri alama ya kwamba faili limepanda, ndipo mwenzako afungue.

Kompyuta ya zamani imekufa haiwaki. Daftari limepotea?

Mara nyingi bado lipo kwenye diski. Itoe, tafuta kifaa cha kuiunganisha kwa USB, na uhakikishe aina yake kwanza: M.2 ya NVMe na M.2 ya SATA zinafanana kwa umbo lakini si kila kifaa hupokea zote mbili. Kisha tafuta *.gnucash kwenye diski nzima. Ikiwa ilifungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayosimba diski) utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft, mara nyingi huhifadhiwa humo. Kama hifadhi imechomelewa kwenye ubao mkuu, mpelekee fundi, na usikubali aisafishe kabla hajakutolea faili.