Jinsi ya kuchagua fimbo ndefu ya jigi kwa uvuvi wa krapi

Krapi wa Marekani, samaki wa maji baridi, mweupe kwa mweusi, hupenda kujibanza kwenye visiki, matawi yaliyozama na nguzo za gati. Ukirusha chambo kutoka mbali utanasa matawi. Ndiyo maana hutumika fimbo ndefu: unafikisha ncha juu ya kisiki, unashusha jigi wima, unampandisha samaki wima. Jigi ni ndoana yenye kichwa cha risasi iliyovishwa manyoya au mpira laini, na hapa uzito wake ni gramu 1 hadi 3.5 tu. Wanunuzi wengi huangalia urefu peke yake, kumbe kinachochosha mkono na kupoteza samaki ni uwiano wa fimbo na ugumu wake.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Ziwa Reelfoot, kaskazini-magharibi mwa Tennessee, lilitokana na matetemeko ya ardhi ya 1811 na 1812. Kina chake ni kifupi na limejaa visiki vya miti ya misaipresi. Mahali kama hapo fimbo ya futi 10 au 11 inatosha kabisa: unaachia uzi unaokaribia urefu wa fimbo, samaki akila unainua ncha na anakujia mkononi bila kuzungusha rili, yaani kigurudumu cha kukunjia uzi. Kina kikizidi urefu wa fimbo itabidi uzungushe, na faida inayobaki ni kumfikia samaki mbali na mtumbwi.

Hatua ya 2: Amua urefu

Chini ya gati na matawi yanayoning'inia, chukua futi 8 au 9, maana fimbo ndefu hapo hugonga kila kitu. Futi 12 inafaa maji maangavu ya kina kifupi, hasa majira ya kuchipua, krapi wanaposogea pembeni kutaga na kushtuliwa na kivuli cha mtumbwi. Futi 14 hadi 16 ziwachie wanaozipanga kwenye vishikio mbele ya boti au wanaofuatilia samaki mmoja mmoja kwa sona, kifaa kinachoonyesha samaki kwa mawimbi ya sauti. Kama unanunua moja tu, nunua ya futi 10.

Hatua ya 3: Pima ugumu

Ngozi ya mdomo wa krapi ni nyembamba sana. Fimbo ngumu ukiivuta kwa nguvu huichana, na samaki anaanguka akiwa tayari ametoka majini. Fimbo laini mno nayo inanepa hadi katikati; samaki anapata nafasi ya kuzunguka tawi, na humtoi tena. Tafuta yenye alama L (nyepesi) au ML (nyepesi ya wastani), ncha nyepesi, na theluthi mbili za chini imara.

Dukani, omba uiunganishe yote, kisha fumba macho na mwenzako aiguse ncha kwa kidole, taratibu. Usipohisi kitu kwenye mpini, irudishe. Halafu funga chupa ya maji ya nusu lita kwenye uzi uliopita katika pete zote, uiinue polepole kutoka sakafuni. Mpindo uanzie theluthi ya juu. Usiinue fimbo hadi ielekee nyuma ya bega lako: nguvu yote hukusanyika kwenye ncha, na fimbo za kaboni huvunjikia hapo. Kosa hilohilo huzivunja ziwani, mtu anaponyanyua samaki aliye karibu na miguu yake.

Kuhusu malighafi, kaboni ni nyepesi na inahisi vizuri. Faiba ya kioo ni nzito zaidi lakini inavumilia kugongwagongwa. Kwa mtoto au kwa fimbo ya kuwekwa kwenye kishikio, inafaa zaidi.

Hatua ya 4: Pima uwiano, ukiwa na rili

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Weka rili utakayotumia, ndogo, kisha laza fimbo juu ya kidole kimoja. Ikitulia karibu na pale mkono wako unaposhika, umepata. Kama ncha inaanguka, kifundo cha mkono kitabeba mzigo huo kutwa nzima, na jigi itatetemeka hata usipotaka. Ongeza gramu 30 hadi 60 kwenye kitako cha fimbo, au chagua fimbo ambayo kiti cha rili kimewekwa tofauti. Usimalizie tatizo hili kwa rili kubwa. Utajikuta unabeba uzito mara mbili.

Hatua ya 5: Kagua pete na maungio

Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Nyuzi za pamba zikinasa, kuna ufa, na ufa huo utakata uzi. Maungio yakae kwa kukaza bila kucheza. Ungio linalocheza hujisaga hadi linapasuka. Zipo fimbo ambazo uzi hupita ndani. Hazinasi matawi, ila kupenyeza uzi kunahitaji waya maalumu, na wakati wa baridi kali maji yaliyoingia huganda ndani.

Hatua ya 6: Funga na ujaribu

Tumia uzi wa nailoni wa nguvu ya ratili 6 au 8, na jigi ya 1/16 ya aunsi. Upepo ukizidi, panda hadi 1/8. Sogeza fundo lisimame juu ya tundu la ndoana ili jigi ining'inie mlalo, kama kisamaki kinachoelea. Ikiinama mbele, rekebisha fundo kabla ya kuishusha. Ishikilie sentimita 15 hadi 30 juu ya samaki, kwa sababu krapi hupanda kula kuliko kushuka.

Kabla ya kuiunganisha ufukweni, tazama juu. Kaboni hupitisha umeme, na futi 12 zinafikia nyaya kwa urahisi. Radi ikianza, ilaze fimbo chini na utoke majini.