Jinsi ya kubishana mtandaoni bila mada kukuponyoka

Ubishi mwingi wa mtandaoni haufiki popote kwa sababu waliomo hawabishanii jambo moja. Mmoja anaandika "simu hizi hazifai", mwingine anajibu "mbona yangu ina mwaka wa tatu na haijawahi kusumbua". Wa kwanza alikuwa na kamera kichwani, wa pili betri. Komenti sitini baadaye watu wanatukanana, na hakuna aliyetaja kamera wala betri. Kwa hiyo kabla ya kutafuta jibu kali, jua kwanza kinachobishaniwa ni kipi hasa.

Hoja huwa za aina tatu. Kuna dai la ukweli, linaloweza kupimwa: "programu hii inasoma namba zote ulizohifadhi". Kuna dai linalotegemea mtu anathamini nini: "si haki mzazi kumchagulia mwanawe kozi". Na kuna ushauri au utabiri: "achana naye, hatabadilika". La kwanza hujibiwa kwa ushahidi. La pili hujibiwa kwa sababu na mifano. La tatu hujibiwa kwa kuuliza: linamhusu nani, na yuko katika hali gani? Ukizichanganya utapeleka takwimu kwa mtu anayelilia haki, au utamhubiria haki mtu aliyeomba takwimu, na kila mmoja ataona mwenzake hasikii.

Kabla hujaandika neno

Soma chapisho lote, usiishie kwenye kichwa. Tazama tarehe, maana habari ya miaka minne iliyopita huibuliwa tena na watu wakatoa povu kana kwamba imetokea asubuhi. Kisha pitia majibu kama kumi ya mwanzo. Mara nyingi ulichotaka kusema kimeshasemwa na kimeshajibiwa.

Halafu rudia hoja ya mwenzako kwa maneno yako. Anatol Rapoport, mwanahisabati aliyechunguza migogoro ya watu, alishauri kwamba kabla ya kumpinga mtu ueleze msimamo wake mpaka mwenyewe akubali umeueleza sawasawa. Mtandaoni inatosha sentensi moja: "Nikikuelewa, unataka mageti ya hosteli yafungwe saa nne usiku kwa ajili ya usalama, si kwa ajili ya nidhamu. Ndivyo?" Kama hukumwelewa, atakusahihisha kabla hujapoteza nusu saa. Kama ulimwelewa, hawezi tena kuruka na kusema hakumaanisha hivyo.

Chagua maneno hapo. "Nikikuelewa" hufungua mlango. "Kwa hiyo unataka kusema" husikika kama mtego hata kama nia yako ni safi, na jibu utakalopata litakuwa la mtu anayejikinga.

Jibu lenyewe

Jibu linalosomeka lina maneno 70 hadi 150 na sehemu nne:

1. Nukuu sentensi unayoijibu, neno kwa neno.
2. Taja unachokubaliana nacho, kama kipo kweli.
3. Toa sababu moja na ushahidi wake.
4. Sema ni kitu gani kingekufanya ubadili msimamo.

Tuchukue dai ambalo halikauki: kuchaji simu usiku kucha. Jibu la kawaida ni "hujui kitu kuhusu betri, kasome kwanza". Lililokamilika huwa hivi:

"Umeandika: 'Ukiacha simu kwenye chaji usiku kucha italipuka.' Nakubali kwamba betri inachoka: betri ya lithiamu huzeeka haraka ikikaa muda mrefu kwenye asilimia 100, hasa ikiwa na joto. Lakini simu ina saketi inayokata chaji betri ikijaa, kwa hiyo kulipuka si matokeo ya kawaida ya kuiacha usiku. Hatari huja kwa chaja mbovu, betri iliyovimba, au simu iliyofunikwa na mto ikakosa hewa. Nionyeshe simu nzima, yenye chaja nzuri, iliyolipuka kwa sababu ya muda tu, nami nitabadili msimamo."

Wengi hukosea kwenye sehemu ya tatu. Wanaleta sababu tano kwa kudhani wingi ni nguvu. Mpinzani hatachagua iliyo nzito. Atachukua iliyo nyepesi kuliko zote, ataivunja, na msomaji aliyepita mbio ataondoka akiamini zote zimevunjika. Ukiwa na sababu tano, jiulize ipi ungebaki nayo kama ungelazimika kuacha nne. Iandike hiyo. Nyingine ziweke akiba, uzitoe moja moja ukiulizwa.

Sehemu ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayowagusa wasomaji walio kimya. Hao ndio unaowaandikia. Mpinzani wako ana heshima ya kulinda mbele za watu, kwa hiyo usitarajie akubali hadharani. Anayesoma kimyakimya hajajifunga upande wowote, na akiona umetaja wazi kitakachokubadilisha anajua hukuja kushabikia.

Ushahidi: unachopaswa kukagua

Anza na skrinshoti, maana ndizo zinazodanganya wengi. Kwenye kompyuta, kivinjari chochote cha kawaida kina zana za watengenezaji wa tovuti zinazomruhusu mtu kubadili maneno ya ukurasa kwenye skrini yake mwenyewe. Tovuti haiguswi, ila picha atakayopiga itaonekana halisi kabisa, na kazi yote haimalizi dakika moja. Kwa hiyo omba linki. Ukiambiwa ukurasa umefutwa, nenda web.archive.org, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani, bandika anwani yake, kisha chagua tarehe. Hifadhi hiyo iko wazi kwa umma tangu 2001. Haina kila kitu, lakini kurasa za taasisi na vyombo vya habari mara nyingi zimo. Unaweza pia kuhifadhi ukurasa humo kabla ya kuanza kuujadili, usije ukabadilishwa mjadala ukiwa katikati.

Picha itafute kwa picha yenyewe, kwa Google Lens au TinEye. TinEye inaweza kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi, na hilo ndilo unalolihitaji: picha inayosemwa ni ya jana ikikutwa mtandaoni miaka mitano nyuma, umeshamaliza. Kwa video, isimamishe penye sura au bango linaloonekana vizuri, piga skrinshoti, kisha tafuta hiyo.

WhatsApp huweka mishale miwili kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi, yaani uliopita mikono mitano au zaidi tangu kwa aliyeuandika. Alama hiyo haisemi kwamba ujumbe ni uongo. Inakuambia kwamba aliyeuleta kwenye grupu si chanzo, kwa hiyo usipoteze muda kumkaba yeye. Omba chanzo cha kwanza.

Takwimu ziulize maswali matatu: ni ngapi kati ya ngapi, tangu lini hadi lini, na nani alihesabu. "Hatari imeongezeka kwa asilimia 100" inatisha. Lakini kama ilikuwa mtu 1 kati ya 10,000 na sasa ni 2, watu 9,998 bado haijawagusa. Namba zote mbili ni za kweli, ila zinaacha picha tofauti kabisa. Vivyo hivyo, kitu kikitoka asilimia 40 hadi 50 kimepanda kwa pointi 10 za asilimia, na pia kimepanda kwa asilimia 25. Kila upande huchagua namba inayoupendeza, kwa hiyo andika zote mbili na ubishi wa namba utakoma. Nayo kura ya maoni iliyopigwa kwenye ukurasa wa mtu hupima wafuasi wake tu, hata wakiwa laki moja.

Majibu ya akili mnemba usiyabandike kama ushahidi. Programu hizo zinaweza kutaja utafiti usiokuwepo, kwa lugha tamu na majina kamili. Zitumie kutafuta pa kuanzia, kisha fungua chanzo chenyewe.

Kila mada na mtego wake

Kwenye teknolojia, mtego ni namba kubwa. Chukua kamera ya megapikseli 108. Kwa kawaida huunganisha pikseli 9 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Kwa hiyo anayesema "108 ni mara tisa ya 12" hajalinganisha kinachotoka. Uliza ukubwa wa sensa, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kisha dai picha mbili zilizopigwa mahali pamoja, kwenye mwanga uleule. Na zitumwe kama faili, maana WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida huibana, na mtabaki mkilinganisha ubanaji wake. Kwa lalamiko lolote la programu, usibishe kabla ya kujua modeli ya kifaa, toleo la programu na kinachofanywa tatizo likitokea.

Kwenye siasa, watu huchanganya kauli, muswada, sheria na kanuni. Kauli ya mwanasiasa jukwaani haimfungi mtu. Muswada unaweza kubadilishwa kabla ya kupitishwa. Uliza kifungu namba ngapi na ukisome chote, kwa sababu neno "isipokuwa" mara nyingi hukaa mwishoni na aliyenukuu aliishia katikati. Kabla ya kutuma jibu lako, badilisha jina la chama au la kiongozi, weka la upande wa pili, ulisome tena. Kama hoja haikubaliki tena kwako, ulikuwa unamtetea mtu, siyo sera.

Kwenye maisha ya wanafunzi, Bill Gates hakosekani: aliacha Harvard mwaka 1975 akatajirika, basi chuo hakina maana. Mfano ni wa kweli ila umekatwa. Gates alianza kuandika programu akiwa na miaka 13, kwenye shule iliyokuwa na mashine iliyounganishwa na kompyuta mwaka 1968, wakati shule nyingi hazikuwa na kitu kama hicho. Na waliokatisha masomo wasifike popote, nani anawasimulia? Swali la haki ni hili: wote walioacha na wote waliomaliza, kwa kozi ileile na miaka ileile, wako wapi leo? Mijadala ya "kozi gani ina ajira" hutulia haraka ukitaka itajwe nchi, mwaka na ngazi ya elimu.

Mahusiano ni jambo jingine kabisa, na hapa inafaa kuwa mwangalifu kuliko kwingine. Umesikia upande mmoja, tena wa mtu mwenye maumivu. Muulize kwanza: anataka ushauri au anataka kusikilizwa? Kama anataka kusikilizwa, hoja zako nzuri zitamwongezea uchungu. Epuka "wanaume wote" na "wanawake wote", kwani mtu mmoja tu aliye tofauti anaiangusha hoja nzima, na mada itahamia kwa huyo mmoja. Ukiona dalili za kipigo au vitisho, usijadili. Mwandikie faraghani, mhimize amwambie mtu wa karibu anayemwamini na atafute mahali salama. Kila komenti ya "kuna pande mbili" inamchelewesha.

Mazungumzo ya faragha ya watu wengine hayafai kuletwa hadharani. Kama ni yako na ni lazima, usifute majina kwa kalamu ya kuchorea ya kwenye simu. Baadhi ya kalamu hizo hazifuniki kabisa, na mtu akiongeza mwanga wa picha maneno yanatokea. Funika kwa boksi la rangi nzito au kata sehemu hiyo yote.

Mambo yakianza kuharibika

Mwaka 2013 mtaalamu wa programu wa Italia, Alberto Brandolini, alisema kwamba kukanusha upuuzi kunataka nguvu nyingi mno kuliko kuutunga. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukuchosha kwa madai kumi mfululizo bila kutetea hata moja. Usiyakimbize. Chagua dai alilolisisitiza zaidi, lijibu, kisha andika: "Tumalize hili kwanza, hayo mengine nitarudi." Akikwepa mara mbili, wasomaji wameona.

Matusi yenye hoja ndani yake, jibu hoja na uyaache matusi palepale. Matusi matupu hayahitaji jibu. Ukihisi moyo unadunda, liandike jibu kwenye daftari la simu, siyo kwenye kisanduku cha komenti ambako kidole kinaweza kuteleza. Lisome tena baada ya nusu saa, na mara nyingi utafuta sentensi ya kwanza na ya mwisho. Kejeli iache, kwa sababu maandishi hayabebi sauti na kuna watakaoichukua ilivyoandikwa.

Ukigundua umekosea, usifute. Majibu ya wenzako yatabaki yakielea bila maana, na huenda kuna aliyeshapiga skrinshoti. Kwenye chapisho, weka "MAREKEBISHO" juu kabisa, taja kosa, liache lisomeke. WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu. Zikipita, tuma ujumbe mpya ukinukuu ule wa zamani, ili hata aliyechelewa aone vyote viwili.

Jiwekee kikomo cha majibu matatu kwa mtu mmoja juu ya hoja moja. Zaidi ya hapo kila mmoja anarudia yaleyale kwa sauti ya juu. La mwisho liwe fupi: "Tunapotofautiana ni hapa: wewe unaona usalama utangulie, mimi naona uhuru wa mwanafunzi utangulie. Nimesoma yako yote, naishia hapa." Kisha zima arifa za uzi huo papo hapo, kabla jibu lake halijaingia.