Kununua nakala nzuri ya mchoro wa kisasa Nairobi

Kabla ya kuuliza bei, uliza faili ya picha ina pikseli ngapi, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Nakala nyingi huharibikia hapo: picha ndogo imepakuliwa kutoka intaneti, ikavutwa hadi ikaenea ukuta. Nakala ya karatasi itakayotazamwa kwa karibu inataka pikseli 300 kwa inchi; yaani sentimita 60 kwa 80 inahitaji takriban 7,100 kwa 9,450. Kanvasi huridhika na 150 hadi 200, maana nyuzi za kitambaa huficha kasoro.

Halafu pima umbo. The Starry Night ya Vincent van Gogh (1889) ni sentimita 73.7 kwa 92.1. Ukilazimisha ijaze karatasi ya A2, ambayo ni 42 kwa 59.4, utapoteza kama sentimita 5.5 za kimo chake. Afadhali ichapwe 42 kwa 52.5, pembeni pabaki peupe. Mchapishaji asiyejali vipimo vya mchoro wenyewe, muage kwa adabu.

Agiza wino wa pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) juu ya karatasi ya pamba isiyo na asidi, gramu 250 hadi 310 kwa mita mraba. Wino wa bei nafuu wa rangi ya kuyeyuka hupendeza siku ya kwanza, lakini jua letu la ikweta huufifisha upesi. Mashine ya mabango iachiwe mabango.

Beba lenzi ya kukuzia. Nukta zikijipanga kwa mpangilio unaojirudia kama vijiua, hiyo ni posta ya kiwandani. Posta si dhambi, ila usiilipie bei ya chapa ya sanaa.

Kabla ya kulipa yote, omba kipande cha majaribio cha sentimita 10 hivi, kutoka sehemu yenye rangi nzito, ukitazame dirishani mchana. Taa za dukani hudanganya, hasa kwenye kijivu na zambarau.

Kwa mchoraji aliye hai, nunua kwake au kwa galari yake. Hakimiliki ya Kenya hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mchoraji. Ukiona 12/50 kwa penseli, hiyo ni chapa ya 12 kati ya 50. Sahihi iwepo karibu nayo.

Kwa fundi wa fremu, sisitiza kadi isiyo na asidi itenganishe chapa na kioo. Zikigusana, unyevunyevu wa mvua za Aprili huzigandanisha. Chapa ishikwe kwa vipande viwili vya utepe wa karatasi upande wa juu tu. Ikibandikwa pande zote, itakosa nafasi ya kutanuka, kisha itajikunja mawimbi.