Kuficha programu kwenye trei ya mfumo (C#, WinForms)

Trei ya mfumo ni eneo la ikoni ndogo kando ya saa, na kazi kubwa inafanywa na kijenzi kimoja, NotifyIcon. Kiburute kutoka Toolbox hadi kwenye fomu, kisha weka faili la .ico kwenye sifa ya Icon. Hapo usiparuke: bila Icon, hata Visible ikiwa true, kwenye trei hakutokei kitu na wala hakuna kosa linalotolewa. Dirisha litafichika na mtumiaji atakosa pa kulirudishia.

Unganisha matukio mawili, Resize ya fomu na DoubleClick ya ikoni, kwenye kodi hii:

FormWindowState hali = FormWindowState.Normal;

void Fomu_Resize(object s, EventArgs e) {
  if (WindowState == FormWindowState.Minimized) Hide();
  else hali = WindowState;
}

void Trei_DoubleClick(object s, EventArgs e) {
  Show();
  WindowState = hali;
  Activate();
}

Wengi huandika Normal moja kwa moja mahali pa hali, ndipo dirisha lililokuwa limejaa skrini linarudi dogo.

Ukitaka kitufe cha X nacho kifiche tu, weka hii kwenye FormClosing:

if (e.CloseReason == CloseReason.UserClosing) {
  e.Cancel = true;
  Hide();
}

Usiondoe sharti hilo, la sivyo programu yako itakwamisha kompyuta inapozimwa. Kisha iongezee ikoni ContextMenuStrip (menyu ya kubofya kulia) yenye "Toka" inayoita Application.Exit(). Ukiita Close(), sababu inakuwa UserClosing na programu inajificha tena.

MASWALI

Je, niweke pia ShowInTaskbar = false?
Hapana. Hide() imeshaiondoa kwenye upau wa kazi. Kubadilisha sifa hiyo kunaunda upya handle ya dirisha (namba ambayo Windows hulitambua nayo), na vitufe vya mkato ulivyosajili kwa RegisterHotKey vinapotea.

Programu imeshafungwa lakini ikoni bado ipo, mpaka nipitishe kipanya juu yake.
Kama uliiua kwa Task Manager, ni kawaida: haikupata nafasi ya kuiaga Windows. Kama ulitoka vizuri, bila shaka NotifyIcon uliiunda mwenyewe kwa kodi. Iite Dispose() kabla ya kutoka.

Kwangu inatupa ArgumentOutOfRangeException kwenye Text ya NotifyIcon (maandishi yanayotokea kipanya kikiwa juu ya ikoni).
Kwenye .NET Framework mwisho ni herufi 63, nafasi zikihesabiwa. Ukionyesha jina la faili humo, likate kwanza.

Icon ipo, Visible ni true, ila sioni kitu!
Bofya mshale mdogo kando ya saa. Windows huweka ikoni mpya humo, na ni mtumiaji mwenyewe anayeitoa.