Kurusha kisahani katika upepo wa Kivu: mwongozo wa frisbi ya ultimeti kwa wachezaji wa Goma

Anayetaka kucheza frisbi ya ultimeti, mchezo wa timu mbili wa kurushiana kisahani cha plastiki, mjini Goma aanze kwa kuuchunguza upepo kabla hajauliza nani ni mrefu na nani ana mbio. Wachezaji wapya hupanga timu kwa kuwachagua warefu kwanza, kisha wenye kasi, na wanaojua kurusha huchukuliwa mwisho. Naamini mpangilio huo unapaswa kugeuzwa, hasa kwenye viwanja vyetu vilivyo kati ya Ziwa Kivu na miteremko ya volkano ya Nyiragongo, kwa sababu hapa hewa ni nyepesi, na upepo wa alasiri unaweza kuufanya mrusho uliokuwa mzuri asubuhi usiwe na faida yoyote saa kumi jioni.

Mchezo wenyewe ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa shule ya sekondari ya Columbia, mjini Maplewood, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani. Leo unasimamiwa na shirikisho la kimataifa linalofahamika kwa kifupi kama WFDF, ambalo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua mwaka 2015. Timu mbili za wachezaji 7 kila moja hukutana kwenye uwanja wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na mita 18 za kila mwisho wa uwanja huo ndizo eneo la goli. Goli hupatikana mchezaji anapokidaka kisahani ndani ya eneo analolishambulia. Aliyekishika haruhusiwi kukimbia nacho: huusimamisha mguu mmoja kuwa mhimili, hugeuka juu ya mguu huo, na ana sekunde 10 za kukirusha huku mlinzi aliye mbele yake akihesabu kwa sauti. Kisahani kikianguka chini, kikitoka nje, kikinaswa na wapinzani au hesabu ikitimia, huwa cha timu ya pili mara moja. Hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Wachezaji wenyewe hutaja kosa, husikilizana na kuamua, na desturi hiyo hufuatwa hata katika mashindano ya dunia. Mkipata kiwanja kidogo, chezeni 5 kwa 5 na mpunguze vipimo vyote kwa uwiano.

Uwanja na kisahani

Lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya mwaka 2021 ilifika kwenye vitongoji vya kaskazini. Kwa hiyo si ajabu kukuta mawe meusi yenye makali hata mahali panapoonekana kuwa na nyasi. Kabla ya kucheza, jipangeni mstari mmoja kutoka upande hadi upande, mwende polepole hadi mwisho wa uwanja mkiokota kila jiwe linaloweza kukata goti. Hata baada ya hapo, kubalianeni wazi kwamba hakuna mtu atakayejitupa chini ili kukidaka kisahani. Picha za wachezaji wanaojirusha mlalo hupigwa kwenye nyasi nene au mchangani, nasi tusiziige juu ya lava.

Tafuteni kisahani cha gramu 175, chenye kipenyo cha takriban sentimita 27, kwa kuwa ndicho kinachotumika katika mashindano. Vile vyepesi vya watoto hupeperushwa ovyo na upepo, na anayejifunza kwa kutumia hivyo hujenga mazoea ambayo baadaye atalazimika kuyaacha. Mwisho wa kila mchezo, pitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo, duara zima. Mawe huacha vijino vidogo vya plastiki ambavyo macho huvikosa lakini ngozi huvihisi. Vijino hivyo hukata vidole vya mdakaji wa siku inayofuata, kwa hiyo vilainishe kwa msasa laini, kidogo kidogo, bila kuupunguza ukingo wenyewe.

Kukishika na kukirusha

Kisahani huruka kwa mambo mawili yanayofanya kazi pamoja. La kwanza ni kasi: kinapoikata hewa, hewa husukumwa chini nacho husukumwa juu. La pili ni mzunguko: kama vile pia ya kuchezea watoto inavyosimama wima maadamu inazunguka, kisahani hutunza ulalo wake maadamu kinazunguka, na mzunguko ukipungua huyumba, huinamia upande mmoja na kuanguka. Mwili na bega hukipa kasi, lakini mzunguko hutoka kwenye kifundo cha mkono. Anayeanza hutumia bega kwa nguvu zote na kukisahau kifundo, kisha hushangaa kwa nini kisahani chake kinatetemeka hewani wakati cha mwenzake dhaifu kinakwenda kimetulia.

Mrusho wa kwanza wa kujifunza ni ule ambao mkono huvuka kifua. Vidole vinne hukunjwa chini ya kisahani na kubana ukuta wa ndani wa ukingo, kidole gumba hulala juu, kisha mkono huvutwa kutoka upande wa pili wa mwili na kuachia ghafla, kifundo kikiwa cha mwisho kufunguka. Wa pili ni mrusho wa vidole viwili: kidole cha kati huukaza ukuta wa ndani, cha shahada hulala kando yake, kiganja hutazama juu, na kiwiko hukaa karibu na mbavu. Huu wa pili ni mgumu kwa wiki za mwanzo, lakini usiuache, kwa sababu mwenye mrusho mmoja tu huzibwa na mlinzi kwa urahisi. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mrusho wa kuvuka kifua huishia kwa kuinamia kushoto, na ule wa vidole viwili huinamia kulia. Jueni hilo mapema, maana ndipo mpokeaji anapopaswa kujipanga.

Kuna pia jambo la mwinuko wa mji wetu. Goma iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa huwa nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14. Kwa kasi ile ile na ulalo ule ule, nguvu ya kukiinua kisahani hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana mtu aliyejifunza Mombasa au Dar es Salaam, akija kucheza hapa, ataona mirusho yake ikishuka mapema na kukunja mwishoni kuliko alivyozoea. Asijaribu kuuponya mrusho huo kwa kukielekeza kisahani juu zaidi. Aongeze kasi kwa asilimia 7 au 8 hivi, pamoja na mzunguko. Hewa nyepesi pia hukizuia kisahani kidogo zaidi, kwa hiyo mrusho wa nguvu hufika upesi, na mdakaji anatakiwa awe ameandaa mikono.

Upepo wa ziwa

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya baridi kutoka ziwani huja kuchukua nafasi yake. Kwetu ziwa liko kusini na mlima uko kaskazini, kwa hiyo jua likishapanda, utarajie upepo unaotoka majini kuelekea mjini, hadi mvua inayokaribia itakapouvuruga mpangilio huo. Kuta, majengo na miti hugeuza mkondo wake, hivyo usiridhike na kuupima mara moja. Chukua majani makavu kiganjani, yaachie kwa kimo cha kiuno, kisha uyaachie tena kwa mkono ulionyooshwa juu ya kichwa. Mara nyingi yale ya juu yatapelekwa mbali zaidi, kwa sababu karibu na ardhi upepo hupunguzwa kasi. Kutokana na jaribio hilo dogo, mrushaji hupata kanuni yenye thamani kuliko zote: dhidi ya upepo, rusha chini.

Hesabu yake ni hii. Tuseme umekirusha kisahani kwa kilomita 60 kwa saa, na upepo unavuma kwa kilomita 15 kwa saa. Ukirusha dhidi ya upepo, kisahani hukutana na hewa kwa kilomita 75 kwa saa. Ukirusha kwa kuufuata, hukutana nayo kwa 45 tu. Kwa kuwa nguvu ya kukiinua hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kile cha kwanza huinuliwa kwa karibu mara 2.8 ya kile cha pili, ingawa mkono ni ule ule na ulalo ni ule ule. Hii ndiyo sababu kisahani kinachokwenda dhidi ya upepo hupanda ghafla, husimama angani, kisha hurudi nyuma kwa aliyekirusha, wakati kile kinachofuata upepo huzama kabla ya kumfikia mwenzako. Basi ukielekea kwenye upepo, inamisha ukingo wa mbele kidogo, rusha kwa kimo cha goti au kiuno, na uongeze mzunguko kuliko nguvu. Ukiufuata upepo, inua ukingo wa mbele kidogo na ukipe kisahani kimo cha kushukia.

Upepo wa ubavuni huwasumbua hata wazoefu. Ukingo unaoelekea upepo ukiinuka, upepo huingia chini ya kisahani, hukibeba na kukipeleka kando. Ukingo huo ukishuka kupita kiasi, upepo hukikandamiza kutoka juu hadi kigonge ardhi. Kwa pasi fupi, ushushe kidogo tu, na uelekeze mrusho hatua moja au mbili upande unakotoka upepo.

Zoezi bora ni la watu wawili wanaosimama umbali wa mita 15, mmoja upande wa ziwa na mwingine upande wa mlima. Rushianeni hadi kila mmoja aweze kumfikia mwenzake kifuani mara nyingi mfululizo, kisha mbadilishane pande, halafu msimame upepo ukiwapiga ubavuni. Daka kwa mikono miwili, kiganja kimoja juu na kingine chini, kama unayepiga makofi. Mkisikia radi, ondokeni uwanjani wote na mkae ndani hadi zipite dakika 30 tangu radi ya mwisho. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi mara nyingi zaidi duniani, na uwanja wa wazi si mahali pa kusubiri.

Urefu na kasi

Mchezaji mrefu ana faida ya kweli pale kisahani kinapoelea juu ya watu wawili. Hata hivyo, kisahani hakianguki kama mpira. Hupunguza mwendo, huelea na kukunja, na anayekisoma mapema hufika mahali sahihi kabla ya mwenye mikono mirefu. Tazama kimeinamia upande gani, simama pale kitakaposhukia, na uruke ili ukikamate kwenye kimo chako cha juu kabisa badala ya kukisubiri kishuke. Kanuni zinampa kila mchezaji haki ya nafasi iliyo juu ya kiwiliwili chake, kwa hiyo mrefu haruhusiwi kumwegemea mfupi wala kuziba nafasi hiyo kwa mkono. Ukiwa mfupi, waombe warushaji wakupe visahani vya chini mbele yako, kwenye uwazi, ambako urefu hauna kazi.

Kuhusu kasi, hatua tano za kwanza zina uzito kuliko mbio za mita 60. Mshambuliaji kimbia kwa dhati upande mmoja hadi mlinzi aamini, kita mguu, kisha rudi kwa mrushaji bila kupunguza mwendo unapokaribia kisahani. Wengi hupunguza hapo mwisho, na ndipo mlinzi hupenyeza mkono. Siku ya upepo mkali, mkimbiaji hodari asitumwe mbali kila mara, kwa sababu mrusho mrefu hukawia hewani na kumpa mlinzi muda wa kumfikia.

Kuchagua upande

Baada ya kila goli, timu iliyofunga hubaki pale ilipofunga na kukirusha kisahani kwa wapinzani, hivyo pande za kushambulia hubadilika. Ikiwa kila timu itafunga kwa kuufuata upepo tu, magoli yatapishana moja kwa moja. Timu itakayofunga hata goli moja dhidi ya upepo huvunja mzunguko huo, na papo hapo hupata zamu ya kushambulia ikiwa na upepo mgongoni. Ndiyo maana siku yenye upepo nguvu za ulinzi zitumike zaidi wakati wapinzani wanaelekea kwenye upepo: mlinzi wa mrushaji azibe upande ulio rahisi, na wenzake wakae karibu kwa sababu pasi ndefu hazitafika. Mkiwa ninyi ndio mnaoelekea ziwani, songeni kwa pasi fupi za chini. Hesabu ikikaribia 10 mkiwa bado karibu na eneo lenu la goli, ni afadhali kukirusha kisahani mbali kadiri iwezekanavyo kuliko kukipoteza pale pale, kwa kuwa wapinzani watalazimika kuanzia mbali.

Katika kuamua timu ya kuanza, atakayeshinda huchagua kati ya kupokea kisahani na kuchagua upande. Upepo ukiwa mwepesi, chukueni kisahani. Ukiwa mkali, chagueni kuanza na upepo mgongoni, hata kama mtakuwa ninyi mnaorusha kwanza.